Sina Mtu wa Kunitia Birikani

Hotuba ya mgeni rasmi katika mkutano wa mwaka wa vikundi vya kuweka na kukopa, Moshi

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, wazee wangu, mama zangu, wanachama wote wa vikundi mliokusanyika hapa: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, na kwa mlionitangulia kuliona jua, shikamooni.

Nimefika nikiwa nimechelewa kwa dakika ishirini na tano. Nilipoingia, Katibu wenu alikuwa ameshaandika majina ya wachelewaji watatu katika daftari la faini. Akainua kalamu, akanitazama, kisha akaishusha, na Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba mgeni rasmi hatozwi. Nilishukuru, nikaketi. Lakini kadiri nilivyozidi kuketi ndivyo shukrani ile ilivyozidi kunikereketa, kwa sababu mada mliyonipa inahusu uwajibikaji wa mtu binafsi na kujitegemea katika dini, siasa na maisha ya kila siku. Nitalirudia jambo hilo la faini kabla sijakaa.

Mada ni pana, nami ni mwalimu mstaafu ambaye akipewa uwanja mpana hupotea. Kwa hiyo nimeamua kushika neno moja tu, neno dogo sana katika lugha yetu, yaani neno mtu, kwa maana ile tunayoitumia tunapoulizana: “Una mtu pale?”

Hakuna kati yetu ambaye hajawahi kuuliza swali hilo au kuulizwa. Tunaulizana tunapofuatilia hati ya kiwanja, tunapompeleka mgonjwa hospitali ya rufaa, tunapomtafutia kijana ajira, hata tunapokwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa ambacho ni haki ya kila aliyezaliwa. Mtu huyo huwa hana cheo kinachojulikana; anaweza kuwa karani, anaweza kuwa mlinzi wa getini, anaweza kuwa binamu wa dereva wa mkubwa. Aliye naye hutembea kifua mbele. Asiye naye husema, kwa sauti ya mgonjwa anayetaja maradhi ya kurithi, “Mimi sina mtu.”

Maneno hayo ni ya kale kuliko ofisi zetu. Katika sura ya tano ya Injili ya Yohana tunasoma habari za birika la Bethzatha kule Yerusalemu, lenye matao matano, ambamo walilala wagonjwa, vipofu, viwete na waliopooza, wakingoja maji yatibuliwe. Palikuwapo mmoja aliyekuwa hawezi kwa muda wa miaka thelathini na minane. Yesu akamwuliza, “Wataka kuwa mzima?” Naye akajibu, “Bwana, mimi sina mtu wa kunitia birikani.” Nimeisoma habari hiyo tangu nikiwa mtoto, na ilinichukua nusu ya umri wangu kutambua kwamba yule mgonjwa hakujibu swali. Aliulizwa kuhusu utashi wake, akajibu kuhusu foleni.

Sitaki kumwonea. Miguu yake ilikuwa haifanyi kazi kweli, na waliomtangulia majini walikuwa na ndugu wa kuwabeba. Wapo kati yetu wazee wasio na mtoto, walemavu, wajane walionyang'anywa shamba siku ya arobaini, na mtu yeyote atakayesimama hapa na kuwaambia wajitegemee huku akijua hali zao atakuwa anawatukana. Ninalotaka tuliangalie ni namna miaka thelathini na minane ya kungoja inavyoweza kumfundisha mtu jibu moja la kila swali.

Wenzetu Waislamu wanayo habari inayokaa vizuri pembeni mwa hiyo, nayo imo katika hadithi alizozikusanya Abu Dawud. Mtu mmoja katika Ansari, yaani wenyeji wa Madina waliompokea Mtume Muhammad, alimwendea Mtume kuomba. Mtume akamwuliza kama hana chochote nyumbani, akajibu kwamba ana blanketi, ambalo sehemu yake hujifunika na sehemu yake huitandika, na bakuli la kunywea maji. Akaambiwa avilete. Mtume akavinadi mbele ya watu. Mmoja akasema dirhamu moja, Mtume akauliza nani ataongeza, vikaenda kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja akaambiwa awanunulie chakula watu wa nyumbani kwake, na kwa ya pili anunue shoka na kulileta. Alipolileta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni na kuuza, na asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule alirudi akiwa na dirhamu kumi.

Ninaomba mwutazame huo mpini. Mtume hakumfukuza mwombaji kwa mawaidha juu ya uvivu, wala hakumpa sadaka ya siku moja ili kesho arudi. Aliuza alichokuwa nacho mwombaji mwenyewe, akawalisha kwanza wenye njaa, kisha akafanya ile kazi ndogo ambayo yule bwana pengine asingeweza kuifanya peke yake siku hiyo. Kuni alikwenda kuzikata mwenyewe. Basi upo msaada wa kumtilia mwenzako mpini, na upo msaada wa kumfanya mwenzako aendelee kulala kando ya birika akikungojea wewe. Na kwa macho ya mbali yote miwili hufanana.

Nianze na dini, ingawa najua mbele yangu wameketi mashehe na wachungaji wanaoijua kuliko mimi.

Nasema haya nikiwa Moshi, kwa hiyo nasema kwa sauti ya chini. Jioni ya Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo hapa mjini, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyoaminiwa kuwa yana upako. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 2011, nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu aliyesema ameonyeshwa na Mungu, kwa shilingi 500, na foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Waliokuwamo katika magari hayo hawakuwa maskini na wasiosoma peke yao. Waheshimiwa walikunywa mbele ya kamera. Mimi mwenyewe nilimchangia shangazi yangu nauli. Baadaye madaktari walieleza habari za wagonjwa walioacha dawa zao za kila siku kwa sababu walikuwa wamekunywa. Na mwaka 2023 majirani zetu wa Kenya walifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, ya watu waliofundishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kumwona Mungu.

Mambo haya matatu hayalingani, wala sitaki kuyatia katika gunia moja: pengine wapo waliopata faraja Samunge, ilhali Shakahola ni mauti matupu. Ila safari ya msituni ilianza mbali sana na njaa. Ilianza siku mtu alipomkabidhi binadamu mwenzake kazi ya kumsomea maandiko, kumfikiria na kumwamulia, akabaki na kazi moja tu ya kuitikia. Qur'ani inasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Mtume Paulo, katika barua kwa Wagalatia, sura ya sita, anasema “mchukuliane mizigo”, na aya tatu mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza kama Paulo alisahau alichokiandika dakika moja kabla. Nadhani hakusahau. Mzigo wa msiba, ugonjwa na deni la ghafla hubebwa na wengi, ndiyo maana tuna vikundi hivi. Lakini furushi la dhamiri yako, la kujua unaamini nini na kwa nini, ukimtwisha mchungaji au shehe hata awe mwema namna gani, utakuwa umempa kisicho chake, na akiwa si mwema utakuwa umempa rungu.

Mtume Muhammad alipoulizwa na mwenye ngamia kama amfunge au amwache na kumtegemea Mungu, alimwambia amfunge kisha ategemee. Wanaowaombea wagonjwa na kuwaambia wasiache dawa wanamfunga ngamia. Wapo, ni wengi, na kwa kuwa hawajazi viwanja hatuwasikii.

Sasa siasa. Hapa ndipo nitakapokawia kidogo, mnivumilie.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, baba alishikwa na homa siku ya kutengeneza mfongo. Vijana wa mjini huenda hamjui: mifongo ni mifereji ambayo mababu zetu waliichimba kutoka mitoni kule juu mlimani, ikazunguka mabonde na kupita juu ya miamba hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu, kabla Mjerumani hajatia mguu hapa. Hakukuwa na wizara wala mfadhili. Kulikuwa na ukoo uliochimba, wazee waliosimamia, zamu ya maji iliyojulikana kwa kila kihamba, na siku ya kazi ambayo pembe ilipulizwa alfajiri, na asiyetokea alitozwa faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi, au zaidi. Baba akanipa jembe lake niende. Mzee wa mfongo akanipimia kipande kwa hatua zake yeye, hatua za mtu mzima, na nilipolalamika kwamba baba ni mgonjwa akaniambia, “Mfongo haujui homa ya baba yako.” Nikachimba tope mpaka viganja vikachubuka. Ilipofika saa saba, mzee yule yule, bila kusema neno, akashuka ndani ya mfereji na kunimalizia nusu iliyobaki. Na zamu yetu ya maji ilipofika, baba akiwa bado kitandani, majirani walitufungulia.

Nimesoma maandishi mengi juu ya kujitegemea tangu wakati huo, na sijaona lililoeleza jambo hili vizuri kuliko kile kipande cha tope.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 5, 1967, wazee wa huku hawakuona neno kujitegemea kuwa geni. Azimio lilisema kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kuanzisha chama chao mwaka 1925, na kutoka hapo ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933. Lakini serikali ile ile iliyotufundisha kujitegemea ilizifuta serikali za mitaa mwaka 1972, na mwaka 1976 ikavifuta vyama vikuu vya ushirika na kuzipa mamlaka za mazao kazi zake. Ikawa tunaimba kujitegemea jioni, na asubuhi tunangoja barua kutoka makao makuu ituambie bei, mbegu na siku ya kupanda. Sheria za mwaka 1982 zilivirudisha vyombo hivyo, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba, kama angeanza upya, kuzifuta serikali za mitaa na ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya. Mimi namheshimu zaidi kwa kukiri huko kuliko kwa hotuba zake nyingi. Huo nao ni uwajibikaji: kusema nilikosea ukiwa bado una madaraka na hakuna anayekulazimisha.

Hata hivyo, ule mkao wa kungoja ulibaki ndani yetu. Sikilizeni taarifa ya habari yoyote ya mikoani: daraja limezolewa, choo cha shule kimetitia, na mwananchi anaulizwa maoni yake. Mara tisa kati ya kumi atamalizia kwa maneno “tunaiomba serikali”. Tunaiomba! Ibara ya 8 ya Katiba yetu inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba serikali itapata madaraka yake yote kutoka kwa wananchi. Nani aliwahi kumwomba msimamizi wa shamba lake amletee hesabu ya mavuno?

Na hesabu zipo mahali pa kuzidai. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi mtu mzima, ukutane kila miezi mitatu, na pale ndipo mapato na matumizi husomwa. Mlioko vijijini, niambieni kwa dhati ya nafsi zenu: mkutano wa mwisho mlihudhuria lini? Mwenyekiti wa kijiji akiitisha mkutano wa mapato na matumizi huja watu wa kujaza benchi tatu. Mgombea akija na kanga, fulana na sufuria za pilau hatutoshi uwanjani. Mwaka 2000 tuliingiza hata katika sheria ya uchaguzi kitu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Vifungu vilikufa. Pilau liko hai, na haliwezi kufa kwa hukumu ya jaji kwa sababu sahani tunaishika sisi. Anayekula pilau la mgombea Oktoba, kisha Machi akalalamika kwamba mheshimiwa hapokei simu, anadai huduma juu ya bidhaa aliyokwisha kuiuza.

Nigeuze upande wa pili wa shilingi, maana wapo viongozi watakaonipigia makofi hapa kwa sababu zao. Kiongozi anapokusanya ushuru sokoni kila asubuhi, kisha choo cha soko kikijaa akawaambia akina mama wa mboga kwamba wajifunze kujitegemea, huyo hafundishi kujitegemea. Anaikwepa zamu yake ya mfongo. Wananchi wakishachimba msingi, wakachoma tofali na kusimamisha boma la zahanati hadi kwenye linta, na boma likakaa mvua tatu bila bati kwa kuwa ahadi ya bati haijatimizwa, wana haki ya kwenda ofisini na kuuliza kwa jina na tarehe. Kuuliza huko ni sehemu ya kazi, sawa na kuchimba.

Nimesema ya wengine kiasi cha kutosha. Niseme yangu.

Baada ya kustaafu nilitaka hati ya kiwanja changu. Badala ya kwenda ofisini, nilimtafuta mtu. Nikampata kijana mmoja, mwerevu, mwenye simu mbili, ambaye alinihakikishia kwamba pale ndani yeye ni wa nyumbani. Nikampa fedha ya chai, nikampa ya nauli, nikampa ya kile alichokiita kusukuma faili. Miezi minane nilikuwa nikimpigia simu, naye kila mara faili lilikuwa mezani kwa mkubwa. Nilipochoka nikavaa koti langu la shule na kwenda mwenyewe. Dada wa mapokezi alilitafuta faili kwa muda wa robo saa, akalifungua, akaniambia bila ukali wowote: “Mzee, hii fomu hujaweka sahihi.” Ukurasa wa tatu, chini kulia, mstari mtupu. Miezi minane nilikuwa nikitafuta mtu wa kunisaidia, na aliyekuwa anangojewa ni mimi. Nami niliyepoteza fedha zile, na kuongeza kipande changu katika rushwa ya nchi hii, nilikuwa nimefundisha somo la uraia kwa miaka zaidi ya thelathini.

Sikuisema habari hiyo nyumbani kwa muda mrefu. Mke wangu ameisikia leo, yuko pale nyuma, na naona anatikisa kichwa.

Ndugu zangu, kilichonivuta kukubali mwaliko huu ni lile sanduku lenu. Nimeliona likiletwa: la bati, limepakwa rangi ya bluu, lina kufuli tatu, na funguo zake zimekaa kwa akina mama watatu wasiolala nyumba moja na ambao, nimeambiwa, wawili kati yao hawapatani sana. Hata hilo la kutopatana nimelipenda. Halifunguki mpaka wote watatu wawepo na kikundi kizima kiwe kinatazama. Hisa zinahesabiwa kwa sauti, mfuko wa jamii unahesabiwa kwa sauti, na mwanachama asiyejua kusoma hukariri salio la mkutano uliopita, na akikosewa hata shilingi mia huinua mkono. Mama mmoja amenisimulia hapo nje kwamba mkopo wake wa kwanza ulikuwa wa mtaji wa ndizi, na kwamba alipofiwa na mume kabla hajaumaliza, kikundi kilimpa rambirambi kutoka mfuko wa jamii, kikamwongezea muda wa kulipa, na hakikumfutia deni. Nilimwuliza kama hilo halikumuuma. Akasema liliuma kidogo, lakini wangelifuta angeona haya kukaa kwenye kiti chake.

Hapo hakuna mtu wa mtu. Kuna mfongo, umehamishiwa ndani ya bati.

Sasa nirudi kwenye faini, kama nilivyoahidi. Nimechungulia ukutani mlikobandika katiba yenu, na kifungu cha wachelewaji hakitaji mgeni rasmi. Kinasema kila anayehudhuria. Mwenyekiti, najua ulitaka kunistahi, na nakushukuru, ila kwa muda wa saa nzima hii nimekuwa nimeketi mbele yenu nikiwa mimi ndiye mwenye mtu pale. Katibu, tafadhali chukua tena ile kalamu. Jina langu unalijua. Hii hapa shilingi elfu mbili, na ninaomba ihesabiwe kwa sauti.